Shingo Pana, Kapo Fupi

Vidole vyangu ni vinene, na habari yote hii imeanzia hapo. Kwenye gitaa la kawaida la nyuzi za chuma, lenye nati ya milimita 43 hivi (nati ni kile kipande cheupe cha mfupa au plastiki kinachopitisha nyuzi karibu na kichwa), kodi ya A, yaani lile kundi la sauti zinazopigwa pamoja, ilikuwa vita. Vidole vitatu vinatakiwa kukaa freti moja, yaani nafasi moja kati ya vile vichuma vinavyokatisha shingo, kimoja lazima kiguse uzi wa jirani, na uzi ukiguswa hivyo unakufa. Nikahamia gitaa lenye nati ya milimita 48. Upana huo uko katikati ya dunia mbili. Magitaa mengi ya akustika yana 43 au 44.5, ya klasiki, yenye nyuzi za nailoni, yana 52 hivi, na ya nyuzi 12 huwa karibu na hiyo 48.

Mkono wa kushoto ulizoea upesi. Kilichokataa kuhama ni kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja kwenye freti unayotaka ili sauti ya gitaa ipande.

Mimi kazi yangu ni kusindikiza waimbaji, na mwimbaji haulizi wewe unapenda kodi gani. Anafungua mdomo, ufunguo umeshapatikana. Huyu ana sauti nzito, yule nyembamba, na mwingine leo ana mafua anaomba tushuke kidogo, wimbo ule ule wa wiki iliyopita. Kwa hiyo kapo haitoki mfukoni mwangu. Nikiibana freti ya pili, maumbo ya G (mipangilio ya vidole ya ufunguo huo) yanatoa A. Nikiibana ya tatu, yanatoa B flati. Umbo la C kwenye freti ya tano linanipa F bila kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote sita wimbo mzima. Kila freti ni nusu toni, hesabu yake haina siri. Kapo yangu huishi kati ya freti ya pili na ya saba, na hizo za juu ndizo zilizoleta maneno.

Niliyokuwa nayo ilikuwa ya springi, ile inayofunguka kwa kuminywa kama kibanio cha nguo. Freti ya pili ilikaa vizuri. Freti ya nne ikaanza kulalamika. Freti ya tano, uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote, ulikwaruza kila nilipoupiga kwa nguvu. Na nikiisogeza kapo ili kuusaidia, uzi wa sita upande wa pili unabaki nusu nje. Niliinamisha gitaa kwenye mwanga nikatazama kwa karibu. Mpira wa kapo uliishia pale pale uzi ulipo. Haukuwa umeukosa uzi, ila uliukanyaga kwa ukingo wake tu, na ukingo wa mpira ndio sehemu legevu kuliko zote. Uzi ukitikisika, ukingo nao unainuka.

Kwa nini freti ya pili ilikubali na ya tano ikakataa? Kwa sababu shingo ya gitaa hupanuka. Inaanza nyembamba kwenye nati na kuongezeka upana kadiri inavyokaribia mwili. Langu lina milimita 48 kwenye nati na 58 kwenye freti ya 12. Freti ya 12 iko katikati kabisa ya urefu wa uzi, freti ya tano iko robo, ya saba iko theluthi. Kwenye gitaa ambalo uzi una milimita 650 kutoka nati hadi daraja (kile kipande cha mwilini nyuzi zinapoishia), freti ya tano iko milimita 163 tu kutoka nati, lakini hapo shingo imeshamaliza nusu ya kupanuka kwake kote hadi freti ya 12. Kwa hiyo langu lina milimita 50 kwenye freti ya pili, 53 kwenye ya tano, na karibu 55 kwenye ya saba. Wauzaji wote hutaja upana wa nati. Kwa mtu anayetafuta kapo hiyo ndiyo namba isiyo na kazi, maana hakuna anayebana kapo kwenye nati.

Kupima hakuhitaji chombo cha maana. Kata ukanda wa karatasi, upitishe chini ya nyuzi nyuma kidogo ya freti unayoitumia zaidi, halafu tia alama nne kwa penseli: kingo mbili za mbao, na nyuzi mbili za pembeni. Alama za nyuzi ndizo muhimu. Kapo inabana nyuzi, mbao haiihusu, na kila upande wa shingo una milimita tatu au nne za mbao tupu nje ya uzi wa mwisho. Kwangu, freti ya tano, nyuzi zimetandaa milimita 46. Nikitaka mpira upite kila uzi wa pembeni kwa milimita mbili, ili ule ukingo legevu ukae nje ya shughuli, nahitaji mpira wa milimita 50. Sasa ukienda kutazama kapo unaenda na namba mkononi, na muuzaji anayekwambia "hii inaingia gitaa lolote" unampa ile karatasi aiweke mwenyewe.

Baada ya kupima nikaona jibu liko wazi: kapo ya gitaa la klasiki. Ni ndefu, imetengenezewa shingo ya milimita 52, milimita 48 zangu itazimeza. Rafiki yangu mmoja anapiga klasiki, akaniazima yake. Upana ulitosha na kubaki. Uzi wa sita ulilia vizuri, wa tano vizuri, wa nne vizuri. Wa kwanza ukawa bubu kabisa, na wa pili ukikwaruza. Yaani kapo iliyopita uzi kwa milimita kadhaa ilishindwa kuubana, wakati ile fupi iliyoukanyaga kwa ukingo angalau ilikuwa inajaribu.

Nikampelekea fundi wa magitaa vyote viwili, gitaa na kapo ya watu.

"Fundi, hebu niambie, hii kapo imepinda?"

"Haijapinda, ndugu yangu. Ndiyo tatizo lenyewe, haijapinda."

Akachukua rula ya chuma, akaipitisha chini ya nyuzi akiwa amezilegeza kidogo, akailaza kwa ukingo juu ya freti ya tano. Rula ikakaa juu ya mgongo wa freti na kuchezacheza, huku na huku, na kila mwisho mwanga unapita chini. Ubao wa gitaa langu, yaani uso wa shingo ulio chini ya nyuzi, umebinuka. Nilikuwa najua hivyo kwa maneno tu, lakini sikuwahi kuona kwamba ni kiasi kile.

Mbinuko wa ubao hutajwa kwa nusukipenyo, yaani ubao ungeendelea kujikunja ungetoa duara la ukubwa gani. Magitaa ya kampuni ya Martin kwa kawaida ni inchi 16, ambazo ni milimita 406. Taylor ni inchi 15, Gibson ni 12, na namba ikiwa ndogo mbinuko ni mkali zaidi. Gitaa la klasiki kwa desturi ubao wake ni bapa, kwa hiyo kapo yake nayo hunyooka. Kwa mbinuko wa inchi 16, ubao wa upana wa milimita 50 unashuka karibu milimita 0.8 kila pembeni ukilinganisha na katikati. Kwa inchi 12 unashuka milimita moja. Mtu atasema milimita moja ni nini. Uzi wa kwanza wenyewe, kwenye seti ya kawaida inayoanzia inchi 0.012, una unene wa milimita 0.3.

Hapo ndipo nilipokaa na kalamu, na nadhani hii ndiyo sehemu iliyonifumbua macho kuliko nyingine. Kapo haigusi freti, inagusa migongo ya nyuzi, na migongo hiyo haiko sawa hata ubao ungekuwa bapa. Uzi wa sita una milimita 1.35, wa tano 1.07, wa nne 0.8, wa tatu 0.6, wa pili 0.4, wa kwanza 0.3. Sasa weka mbinuko wa inchi 16 chini yake. Uzi wa sita ni mnene lakini uko pembeni ambako ubao umeshuka, wa nne ni mwembamba kidogo lakini uko juu ya kilele. Matokeo yake nyuzi tatu za besi migongo yake inakaribia kuwa mstari mmoja. Halafu kuanzia uzi wa tatu mteremko unaanza, na uzi wa kwanza, mwembamba na tena uko pembeni, unaishia milimita moja na ushee chini ya mgongo wa uzi wa nne. Upau wa kapo ulionyooka unakalia nyuzi za besi kwa raha zake na kuuacha uzi wa kwanza ukining'inia. Ukiwa na mpira laini sana utazama na kuufikia. Ukiwa mgumu, haufiki.

Ndiyo maana malalamiko ya kapo karibu kila mara ni uzi wa kwanza. Watu hulaumu springi imechoka, wanaongeza nguvu. Nguvu haisaidii mpira uliokwisha kukalia nyuzi tatu. Inazikandamiza hizo tatu zaidi mpaka sauti yake ipande, na uzi wa kwanza bado unalalamika. Unapata maradhi mawili kwa bei ya moja.

Kwa hiyo nilichokuwa natafuta si kapo pana. Nilikuwa natafuta kapo pana yenye mbinuko, na kwenye rafu za kawaida zimepangwa katika makundi mawili ambayo hayanihusu: za nyuzi za chuma, zilizobinuka lakini fupi, na za klasiki, ndefu lakini bapa. Gitaa la nyuzi sita za chuma lenye shingo ya milimita 48 limekaa katikati, na liko kundi la watu kama mimi wanaopiga kwa vidole ambao wamekwama hapo hapo.

Fundi ndiye aliyenielekeza mlango wa nyuma. "Tafuta ya nyuzi 12," alisema. Nikamwambia gitaa langu lina sita. Akasema shingo haihesabu nyuzi.

Ukifikiri unaona ana haki. Gitaa la nyuzi 12 lina shingo pana kwa sababu lazima nyuzi zote zipate pa kukaa, na ni gitaa la nyuzi za chuma, kwa hiyo ubao wake umebinuka. Kapo inayotengenezwa kwa ajili yake ni ndefu na imebinuka. Tena mpira wake huwa na tabia nzuri ya ziada: kwenye nyuzi 12, nyuzi hukaa jozi jozi, na jozi nne za upande wa besi uzi mnene umelala bega kwa bega na mwembamba wake wa oktava juu, hivyo mpira umezoea kuzama kwenye mnene na kumfikia mwembamba aliyejificha pembeni. Uzi wangu wa kwanza ulikuwa unasubiri mpira wa namna hiyo.

Shubb, kampuni ya Marekani ambayo kapo yake ya wenzo (kimkono cha kufungia) iliingia sokoni mwaka 1980, ina toleo la nyuzi sita za chuma, toleo la klasiki na toleo la nyuzi 12, na yote matatu kwa mbali yanafanana mpaka uyaweke sambamba uone urefu na mbinuko vinavyotofautiana. Kyser nao wana zao tatu za springi kwa mgawanyo huo huo. Nilifanikiwa kujaribu aina zote mbili za nyuzi 12 kwenye gitaa langu, na hapo likajitokeza suala la pili ambalo upana na mbinuko vilikuwa vimelifunika: nguvu.

Kapo ya springi ina nguvu moja, ile iliyotoka nayo kiwandani. Ya nyuzi 12 imepewa springi ya kutosha nyuzi 12. Ukiweka chini yake nyuzi sita, nguvu yote inagawanywa kwa sita. Uzi wa kwanza ulilia safi, mzuri kabisa, furaha yangu yote. Kisha nikawasha tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti ya nyuzi. Uzi wa sita na wa tano ilikuwa imepanda karibu senti 10. Senti 100 ni nusu toni moja, na sikio la kawaida huanza kusikia kasoro kwenye tano au sita, kwa hiyo kumi si za kupuuza, hasa unapopiga na mtu wa kinanda asiyeweza kukusogelea hata angetaka. Kinachotokea ni kwamba upau unausukuma uzi chini kupita mgongo wa freti, kuelekea kwenye mbao, na kila unavyosukumwa unavutika. Freti zikiwa ndefu kwenda juu, nafasi ya kusukumia ni kubwa na uzi unapanda zaidi. Freti zangu ni za wastani. Mtu mwenye freti kubwa atapata balaa kuliko mimi.

Ya wenzo unaweka kiasi chako kwa skrubu. Nilichojifunza kufanya ni kuanza na skrubu imelegea mpaka nyuzi zinakwaruza, halafu nakaza robo mzunguko, nafunga wenzo, napiga uzi mmoja mmoja, nafungua, nakaza tena robo. Inapofika ambapo uzi wa mwisho umeacha kukwaruza, nasimama. Kwa njia hiyo uzi wa sita ulipanda senti tatu tu, na tatu hizo huwa sizigusi. Kasoro yake ni kwamba kipimo hicho ni cha freti ile ile. Shingo ya gitaa haipanuki tu, inanenepa pia kwenda nyuma, na skrubu niliyoiweka freti ya pili inakuwa imebana kupita kiasi freti ya saba. Kwenye programu ya nyimbo ambazo kapo inapanda na kushuka lazima uguse skrubu kila unapohama. Si kazi kubwa, ni kugeuza kidogo kwa kidole gumba, lakini mbele ya watu sekunde tano zinaonekana ndefu.

Unene wa shingo una ubaya mwingine kwa kapo zinazobana kutoka upande mmoja. Upau wake umeshikwa na bawaba mwisho mmoja, mwisho wa pili uko wazi. Shingo ikiwa nene kuliko ile mtengenezaji aliyoifikiria, mdomo unafunguka zaidi, upau unakaa mshazari, na ule mwisho ulio wazi unainuka. Nyuzi za upande wa bawaba zinabanwa kwa nguvu, za upande wa pili zinabembelezwa. Ukiona kapo yako inabana vizuri uzi wa kwanza na kuuacha wa sita, igeuze, iingize kutoka upande wa pili. Kama ugonjwa nao umehama upande, tatizo ni unene wa shingo. Kama umebaki kwenye uzi ule ule, tatizo ni mbinuko au upana. Hilo ni jaribio la nusu dakika na linakwambia mengi kuliko maelezo yote kwenye kifungashio.

Zipo ambazo zimekwepa bawaba hiyo: fremu inayozunguka shingo nzima, upau juu, skrubu katikati nyuma inayosukuma kutoka chini ya shingo. Paige ni mojawapo. Nguvu inatoka katikati, pande zote mbili zinapata sawa, na ni nyembamba hata haionekani. Kwa sauti peke yake ningeichagua hiyo. Ila fremu ina upana wa ndani usiobadilika. Niliyojaribu mimi iliteleza vizuri kutoka freti ya kwanza hadi ya tano, na kwenye ya saba ikagusa kingo za shingo pande zote mbili na kusimama. Mwenye shingo pana akitaka ya aina hii apime mbao, si nyuzi, na apime kwenye freti ya juu kabisa atakayoifikia. Hapa ndipo zile alama za kingo za mbao kwenye karatasi zinapopata kazi.

G7th wa Uingereza wana kapo ambayo upau wake una utaratibu ndani yake wa kujikunja kufuata mbinuko wa ubao unaoukuta, na wanatengeneza ya klasiki pia. Unaiminya kwa mkono na inabaki pale ulipoiachia, kwa hiyo nguvu unaipima kwa kiganja. Nilipoishika niliipenda, isipokuwa ile ya nyuzi sita za chuma kwenye freti ya saba ya gitaa langu ilikuwa inamaliza safari yake kwenye uzi wa kwanza, hali ile ile niliyoikimbia. Mtu wa nati ya 44.5 ningemwambia aanzie hapo. Thalia nao wamelikabili kwa njia nyingine, kapo moja na vipande vya mpira vya kubadilisha, vya mbinuko tofauti tofauti. Anayemiliki magitaa kadhaa hilo linamfaa. Mimi nina moja.

Za mkanda wa elastiki zenye matundu, sina mengi. Zinafika upana wowote, ni nyepesi, kuzihamisha ni taabu.

Na iko ile ya wapiga flamenko, cejilla: kipande cha mbao ngumu chenye ngozi chini yake, uzi unaozunguka shingo, na kigingi cha kukazia kama kile cha fidla. Ni nzuri kutazama kuliko zote na kwenye ubao bapa inafanya kazi barabara. Watu hao wamesindikiza waimbaji nayo tangu zamani, kwa hiyo kuna undugu fulani kati yetu. Kwenye ubao uliobinuka haiendi, labda fundi akuchongee ya gitaa lako.

Kuna jambo la mkono ambalo halimo kwenye vipimo vyovyote. Mtu wa shingo nyembamba huweza kuikumbatia shingo, gumba linachungulia juu. Kwenye shingo pana gumba linashuka na kukaa nyuma, katikati, mkabala na kidole cha kati. Sasa kapo ikiwa na mkono mnene au skrubu kubwa nyuma ya shingo, gumba linaikuta hapo hapo, kila unapopiga kodi iliyo jirani na kapo. Nilikuwa na umbo la F nililolizoea ambalo kwa kapo moja ya springi halikuwezekana tena: kishikio chake kilikuwa kimekaa ambapo kiganja kinataka kupita. Ndiyo maana kabla ya kusema kapo hii naichukua, napiga kwanza kodi zilizo freti moja mbele yake, F na D hasa, dakika mbili tatu bila kusimama. Kama mkono unaanza kujipinda kuikwepa, naiacha, hata kama sauti yake ni tamu.

Mpira nao uangalie. Kapo iliyotumika kwa muda kwenye gitaa moja mpira wake huchimbika mifereji midogo pale nyuzi zinapokaa. Ukiihamishia gitaa la shingo pana, nafasi kati ya nyuzi imeongezeka, kwa hiyo uzi mmoja unaangukia kwenye mfereji wa zamani na unabanwa nusu, mwingine unaangukia kwenye mwinuko kati ya mifereji na unabanwa sana. Kapo inakuwa na nguvu nzuri, upana mzuri, na bado inakwaruza hapa na pale bila mpangilio. Kapo nyingi mpira wake huchomoka na unauzwa peke yake, kwa hiyo anayenunua kapo iliyotumika aitazame chini kwanza. Na mpira usiuache umekaa shingoni kwenye kasha usiku kucha, hasa gitaa likiwa limepakwa vanishi ya nitro, ambayo haielewani na aina fulani za mpira na huacha alama.

Pa kuiweka ni nyuma ya freti, karibu kadiri inavyowezekana bila kuipanda. Kila mpigaji anajua hilo. Ambalo shingo pana inaongeza ni kwamba upau mrefu ukikaa mshazari kidogo tu, mwisho wake mmoja umeshasogea mbali. Upau ukiwa umegusana na freti kwenye uzi wa sita na umeachana nayo milimita nne kwenye uzi wa kwanza, uzi wa kwanza utadai nguvu zaidi, utakaza skrubu, na wa sita utapanda. Mara nyingi kabla ya kukaza chochote nainyoosha tu kapo ilingane na freti, na kelele inaisha.

Iliyobaki kwenye gitaa langu ni ya wenzo, ya nyuzi 12, skrubu yake nimeiwekea nukta ya rangi ili nijue ilipo freti ya pili na ilipo ya tano. Inafanya kazi hadi ya saba. Rafiki wa klasiki alirudishiwa yake. Kuna mwimbaji mmoja ninayemsindikiza ambaye kwa wimbo fulani anataka maumbo ya G yasikike kama E, freti ya tisa, ambako shingo yangu imepita milimita 56 na kisigino cha shingo, pale inapoungana na mwili, kimeanza kukaribia. Hapo sijapata kapo inayokaa bila kelele. Tumekubaliana naye nipige kwa maumbo ya D, freti ya pili, na yeye amesema ngoma haikuharibika.